Mtembeza Wageni

Buganguzi, Muleba
8 Januari 2024

Dada yangu Dativa,

Nakusalimu. Migomba ipo, mgongo unauma, upepo wa juzi umeangusha mikungu ambayo haijakomaa. Hayo ndiyo ya huku. Sasa nisikilize.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua wakati tuna simu. Nikiongea kwa simu napaza sauti, kwa sababu sikio la kushoto limekufa, na Kahangwa hapa jirani anayapokea yote na kuyafikisha kilabuni kabla sijakata. Barua hii atakuletea dereva wa basi la asubuhi. Nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Klaudia alikuja Krismasi. Tukiwa tunamenya ndizi akaniambia kuna mtu anataka kutuma wazee. Nikafurahi. Binti ana miaka thelathini na moja, mimi nilikwisha kuacha kuuliza. Nikamwuliza mtu huyo anafanya kazi gani. Akasema anatembeza wageni. Nikauliza kama ana gari. Akasema hapana, anawatembeza kwa miguu mjini Bukoba, anawaonyesha majengo ya zamani.

Dada, mimi nimefundisha shule ya msingi mpaka chaki ikaniingia kifuani, nikalima kahawa, nikamsomesha binti peke yangu tangu mama yake afariki, akawa mfamasia, ili aje aolewe na mtu anayelipwa kuwaonyesha watu ukuta. Ukuta ambao wanauona wenyewe.

Jina lake ni Jamali Muharami. Umelisikia jina. Sisemi dini. Waislamu wa Bukoba nimekula nao na nimezika nao. Nasema kazi.

Ninachokuomba ni hiki: nenda kwenye ziara yake kama mgeni. Usiseme wewe ni nani. Kwa jicho lako lile baya utamwona alivyo. Nitafutie kasoro moja ya maana, niiweke mezani wazee wake watakapokuja. Klaudia asijue.

Mdogo wako,
Avit


Bilele, Bukoba
14 Januari 2024

Mdogo wangu Avit,

Barua yako imefika ikiwa imekaliwa na mtu. Kwanza, jicho langu si baya. Ni zima, ndiyo maana watu hawalipendi. Pili, nimekwenda.

Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi katika mji huu hadi wakanistaafisha, nimesimama karibu na soko Jumamosi asubuhi, nimevaa kofia, nikisubiri kuonyeshwa Bukoba. Nilisema natoka Mwanza. Uongo huo Mungu ataudai kwako.

Kundi lenyewe ningelilipia lisije. Mke na mume kutoka Dar es Salaam wamevaa fulana zinazofanana, kama watoto wa chekechea wasije wakapotea. Wasichana watatu wa benki ambao kila jengo waliligeuzia mgongo, wapigwe picha. Mzungu mmoja mrefu aliyeitikia kwa kichwa kila anachoambiwa. Aliambiwa aangalie mtaro, akaitikia, akauingia.

Huyo mkwe wako ni mwembamba. Shati jeupe limepigwa pasi hadi linatisha, viatu vya zamani vimeng'arishwa. Sauti anayo, na anajua anayo. Anatembea kinyumenyume huku anaongea, asituachie hata dakika ya kupiga miayo. Alituanzia kwenye maduka ya zamani ya Wahindi, akatuambia tutazame juu, kwa sababu chini kumebadilishwa kila mwaka na juu kumeachwa kama kulivyojengwa. Watu wazima na akili zetu tukakaza shingo katikati ya barabara, bodaboda zikitupigia honi. Kisha akatupeleka Kanisa Kuu. Kisha karibu na ziwa, kule Wajerumani walikokuwa na ngome na stesheni ya simu ya upepo ambayo Waingereza waliivunja mwaka 1915. Unajua alituonyesha nini hapo? Nyasi. Akatueleza habari za nyasi nusu saa nzima, na yule mke wa Dar alikuwa anafuta machozi.

Nilimbana kwa maswali. Mengine alijibu, mengine alisema hajui. Analipwa kujua, na anasema hajui.

Kwenye mteremko wa kwenda ufukweni alinishika kiwiko. Sikumwomba.

Kasoro ya kuweka mezani bado. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ana kiburi cha maskini mwenye pasi, na kwamba anajisikiliza anapoongea. Ukitaka zaidi ya hapo itabidi nirudi tena na kofia ile.

Dada yako,
Dativa


Buganguzi, Muleba
20 Januari 2024

Dada Dativa,

Asante. Nimecheka peke yangu mpaka mbwa akaamka. Hasa hilo la nyasi. Nilijua ni mtu wa namna hiyo. Hao ndio wanaojaa mijini sasa, hawalimi, hawajengi, hawafundishi, wanasimama mbele ya kazi ya marehemu na kukusanya viingilio.

Lakini kiburi na pasi siwezi kuviweka mezani. Wazee watanicheka. Rudi tena. Sikiliza anasema nini juu ya watu wake, walitoka wapi, wana nini. Mchokoze. Mwanamume ukitaka kumjua mkasirishe mbele ya watu. Akimtukana mtu, akimpiga mtu, hapo mimi nina la kusema na Klaudia mwenyewe atanishukuru.

Mdogo wako,
Avit


Bilele, Bukoba
4 Februari 2024

Mdogo wangu Avit,

Nimerudi jana, na sikuhitaji kumchokoza. Mungu alileta mtu wa kazi hiyo.

Jina lake Rugaibula, Mhaya mwenzetu, mzaliwa wa huko huko Muleba, tajiri wa Dar es Salaam. Alikuja na mke na watoto wawili kuwaonyesha kwao, na kwao amekusahau hata njia ya sokoni ilibidi aulize. Tumbo linatangulia, yeye anafuata. Kila mara kijana wako alipofungua mdomo Rugaibula alimkatiza na kueleza yeye, na kila alichoeleza kilikuwa hakipo.

Tulifika karibu na msikiti. Jamali akasema babu wa babu yake alikuja hapa kutoka pwani, mpagazi katika msafara wa wafanyabiashara, akaugua, wenzake wakamwacha, akapona na kuoa hapa hapa. Rugaibula akacheka kwa sauti. Akasema, "Kwa hiyo babu yako alikuja kwetu amebeba mizigo ya watu, na leo mjukuu wa mpagazi anatuonyesha sisi kwetu."

Kundi lote lilicheka. Nami nilicheka, Avit, lilikuwa la kuchekesha.

Nikangoja akasirike. Hakukasirika. Alisimama mpaka kicheko kikaisha, kila mmoja akabaki anatafuta pa kutazama. Kisha akasema, "Ndiyo, alibeba. Tuendelee, jua linakuwa kali." Akageuka akatangulia. Watoto wa Rugaibula wakamwacha baba yao nyuma, wakaenda kutembea na yeye mbele mpaka daraja la mto Kanoni.

Mwanamume asiyekasirika mbele ya watu hana damu. Kama hiyo inafaa mezani, chukua.

Jambo jingine la kijinga. Alitupitisha Bilele, mtaa wangu, akatusimamisha mbele ya geti langu mwenyewe. Akasema nyumba hii ilipasuka kwenye tetemeko la 2016, na mwenyewe ni mama mjane ambaye hakungoja mtu. Alisimamia mafundi yeye mwenyewe, na ukuta wa mashariki leo umenyooka kuliko ulivyokuwa mwanzo. Anayasema hayo na mwenye nyumba nimesimama mbele yake na kofia yangu, mgeni wa Mwanza. Ndiyo akili uliyokuwa unaiogopa. Rugaibula alisema mbona ni kibanda tu. Nilimtazama mpaka akavaa miwani ya jua.

Ni kweli lakini, ukuta umenyooka.

Dada yako,
Dativa


Buganguzi, Muleba
25 Machi 2024

Dada Dativa,

Wiki saba hujaniandikia. Nimesikia habari zako kwa njia nyingine. Klaudia amepiga simu kuniuliza kama shangazi yake ni mzima, kwa sababu akienda Bilele Jumamosi anakuta geti limefungwa, na majirani wanasema mama anatoka asubuhi na kofia.

Ziara mbili nilikutuma mimi. Hizo nyingine ulitumwa na nani?

Nitakuambia ninachokiona. Wanao wako Dodoma na Dar es Salaam, hawaji, wanakutumia picha za wajukuu. Nyumba ina vyumba vinne na wewe unalala kimoja. Sasa umepata kijana wa kukushika kiwiko kwenye mteremko na kukusifia ukuta. Anayafanya hayo kwa kila mtu aliyelipa, dada. Ni kazi yake.

Kwa kuwa jicho limeharibika, nitakuja mwenyewe. Umoja wa wanaume wa parokia yetu unakuja Bukoba baada ya Pasaka, misa Kanisa Kuu, kisha tutazame mji. Nimeshawaambia nimepata mtembezaji. Wazee wake wametuma salamu kwamba watakuja mwezi wa tano. Mimi nitamaliza habari hii mwezi wa nne, mbele ya mashahidi.

Mdogo wako,
Avit


Bilele, Bukoba
28 Machi 2024

Avit,

Usije.

Kama ni kusali, Buganguzi kuna kanisa. Kama ni kutazama mji, umeuona tangu ukiwa na kaptula. Kama ni kumdhalilisha mtoto wa watu mbele ya Kahangwa na wenzake, basi ujue nitakuwepo, na sitakusaidia.

Ya nyumba yangu na vyumba vyake uyaache.

Dativa


Buganguzi, Muleba
15 Aprili 2024

Dativa,

Sikuiti dada leo. Nakuandikia lilivyotokea ili kesho usije ukasema nilikuwa na hasira na sikumbuki. Nakumbuka neno kwa neno.

Tulitoka misa. Yule kijana alikuwa anatusubiri nje na shati lake. Nawe ulikuwepo, umekaa kwenye kivuli kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Akaanza kutueleza habari za jengo, na wanaume wale, wapumbavu, wakaanza kumsikiliza. Kahangwa akamwuliza swali. Nikaona wakiachwa watampenda.

Nikamwuliza mbele yao. Nilisema, "Kijana, wewe unatuonyesha kanisa letu. Ukiambiwa ubatizwe humo ndani ili upate binti wa watu, utabatizwa?"

Akanitazama bila kuinamisha uso. Akasema, "Hapana, mzee. Na yeye sijamwambia abadili."

Nikamwuliza huyo "yeye" ni nani. Ndipo aliposema yale. Alisema, "Mzee Avit, nilikufahamu uliposhuka kwenye basi. Shangazi nilimfahamu Jumamosi ile ya kwanza. Nimewatembeza kwa sababu mlikuja kutembezwa."

Kwa adabu, Dativa. Kama mtu anayempisha mzee kiti. Miezi mitatu wewe unajificha chini ya kofia na yeye anakutazama unavyojificha. Kahangwa akapata kikohozi. Nikamtazama mmoja mmoja wa wale wanaume, wote walikuwa wanachunguza mnara.

Nikamwambia wajukuu wangu hawataitwa Muharami wakati mimi nipo hai. Nikaenda stendi. Sijutii.

Wewe ulikaa. Damu yangu, ulikaa kwenye kivuli ukaniacha nivuke uwanja ule wote peke yangu.

Avit


Bilele, Bukoba
19 Aprili 2024

Avit,

Kwa hiyo hatimaye tumeambiana. Mwezi wa kwanza ulisema husemi dini, unasema kazi. Nilikuwa najua, nawe ulijua kwamba najua, na tukaandikiana karatasi zote zile juu ya nyasi na pasi ili tusilitaje. Mimi nimesaidia. Nimekaa hapa nikanoa kalamu juu ya shati la mtu.

Sikukufuata kwa sababu nilikwambia sitakusaidia. Nilisema kweli kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Sasa nikuambie usiyoyaona, kwa kuwa ulikimbilia basi. Wenzako walibaki wamesimama kama ng'ombe mvuani. Kijana akawaambia ziara bado, anayetaka kuendelea aje. Wakaja wote. Aliwapitisha madukani, akawafikisha ziwani, akawaonyesha kisiwa cha Musira, hakuruka kitu. Sauti ilikuwa ile ile. Kahangwa alimwuliza mambo hadi nikamwonea aibu, na mwisho akamwambia aje Buganguzi atazame na huko.

Walipopanda gari lao akakaa kwenye ukingo wa barabara. Alijaribu mara tatu kufungua chupa ya maji, ikamshinda. Nilimfungulia mimi. Kisha nikampeleka nyumbani nikamkaangia samaki na ndizi, akala kama mtu aliyetoka msibani.

Nilimwuliza alinijuaje. Akasema nina macho ya Klaudia, na nilipombana siku ile ya kwanza nilibishana kwa namna ambayo anaifahamu. Nikamwuliza basi habari ya geti langu, alikuwa ananichezea? Akasema hapana. Alitaka nijue kwamba ameuona ukuta, na hakuwa na njia nyingine ya kuniambia.

Umenikumbusha kwamba anamshika kiwiko kila aliyelipa. Ni kweli, nimemwona. Anamshika hata asiyelipa.

Unataka kasoro, nimekuwekea tayari. Ana maneno mengi. Anajipenda. Hawezi kula chakula bila kukisifia mpaka kinapoa. Hajui kukataa kazi ya watu wanaomtukana. Ziweke mezani zote, uone nani atakaa kukusikiliza.

Dativa


Bukoba
6 Mei 2024

Tata,

Mimi Klaudia, binti yako. Shangazi ameniambia kwamba siku hizi unasoma barua tu, hupokei simu yangu.

Siandiki ili tugombane. Nimejifunza kupima dawa kwa sababu ulinisomesha. Watu wananiletea maisha yao dirishani na wananiamini nisikosee. Kisha ulipofika wakati wangu ukamtuma shangazi, amevaa kofia, anipimie mtu. Hukuniuliza mimi neno moja. Hukuniuliza hata kama ananipenda. Uliuliza ana gari.

Wazee wake walikuwa waje Jumamosi ijayo. Nimewaambia wasije. Sitaki bibi yake avuke kizingiti chako akasikie alichosikia Jamali pale kanisani. Tumeandikisha bomani nia ya kufunga ndoa. Yeye atabaki na dini yake, mimi na yangu. Watoto tutajua tukiwapata, na majina yao hatutamwomba mtu ruhusa.

Nilikuwa naona aibu nyumbani kwao kwa sababu yako. Sikutaka kukuficha hilo.

Ukitaka kuja, ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa sita, asubuhi. Shangazi atasimama upande wetu.

Klaudia


Bilele, Bukoba
10 Juni 2024

Avit,

Hukuja, na hukujibu. Nakuandikia ili usije ukasema uliambiwa na Kahangwa.

Ofisi ilikuwa na joto. Karani alikuwa anapiga miayo, alitaja jina la Klaudia vibaya mara mbili, na mara zote mbili nilimsahihisha mpaka akaniomba nikae. Klaudia alivaa kitenge cha kijani. Ukweli ni kwamba alipendeza, lakini alikuwa anautazama mlango kila unapofunguliwa. Aliingia mtu wa kuleta maji, akaingia mtu aliyepotea ofisi. Baada ya hapo akaacha kutazama.

Niliweka sahihi kama shahidi.

Bibi yake Jamali, anaitwa Hafidha, alikaa kona ya pili amenuna. Ni mwanamke mdogo kama kuku na ulimi kama wembe. Yeye naye hakumtaka Mkatoliki, alimwambia mjukuu wake mbele yangu kwamba amekwenda kuokota mke shambani. Nikamwambia shamba lenyewe lina kahawa ambayo yeye anainywa. Tukaangaliana. Mngekaa pamoja wewe na yeye mngeelewana sana, mngemaliza siku nzima mnadharau watu na kupeana chumvi.

Baadaye tulikula kwangu. Vyumba vyote vinne vilikuwa na watu.

Sikusihi. Una kibanja kizuri cha migomba na kahawa, na baada yako kuna Klaudia tu. Endelea kukilinda dhidi yake.

Dativa


Bilele, Bukoba
27 Septemba 2024

Avit,

Kwa ufupi. Klaudia anakuja huko Jumapili ya tarehe sita, kutazama kaburi la mama yake. Mumewe anakuja naye. Nilimwambia Jamali asiende, kwamba wewe ni mtu mgumu na utamsimamisha nje kama mwuza sufuria. Akasema amezoea kusimama nje na watu.

Unaweza kujificha kwa Kahangwa ukitaka.

Dativa


Buganguzi, Muleba
7 Oktoba 2024

Dada Dativa,

Walikuja. Sikujificha. Hapa ni kwangu, nijifiche niende wapi.

Klaudia alinisalimu akaenda moja kwa moja kaburini, kisha jikoni. Hatukuzungumza sana. Ameongezeka mwili, na nadhani unajua kwa nini, kwa sababu nyie huko mnaambiana kila kitu. Hakuniambia, nami sikuuliza.

Nikabaki na yule mtu barazani. Sikumkaribisha kahawa za kutafuna, ile heshima ya mgeni. Alizichukua mwenyewe kwenye kikapu, akatafuna. Mtu mwenye maneno mengi kama unavyosema, kwangu alikaa kimya kama amelipwa anyamaze. Ukimya ule ulinichosha. Sikutaka kukaa naye nyumbani nikitazama viatu vyake, nikamwambia kama amezoea kutembeza watu basi leo atatembezwa yeye.

Nikampitisha kibanja chote. Nilimwonyesha migomba ya kupika na ya pombe, hajui tofauti, mtu wa mjini. Nilimwonyesha mibuni aliyopanda baba yetu na ile niliyong'oa mwaka bei ilipoanguka, kisha nikaipanda upya. Nilimwonyesha mahali nyumba ya msonge ya bibi ilipokuwa imesimama. Aliuliza mlango ulitazama wapi. Watoto wangu wote wa shule, miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuniuliza mlango ulitazama wapi. Nikamwonyesha. Ilibidi nitembee mpaka pale nikasimama, ndipo nikakumbuka vizuri.

Mara nyingine nilimdanganya. Nilimwambia kibanja changu kinafika hadi barabarani, ingawa sehemu ile ni ya Kahangwa. Aliitikia tu.

Tukafika kule chini ya mparachichi, kwenye shina moja la mgomba ambalo silipalilii wala silikati. Akauliza kwa nini hili limeachwa. Nilikuwa naweza kusema uvivu. Nikamwambia pale ndipo tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, mvulana, aliyeishi siku mbili, na mama Klaudia alipanda mgomba ule kwa mkono wake akaniambia nisiuguse. Unakumbuka, wewe ndiye uliyemzalisha. Klaudia sijapata kumwambia. Mama yake hakutaka, na baada yake sikujua nianzie wapi.

Sijui kwa nini nilimwambia mtu yule. Ni ujanja wa kazi yao. Wanasimama na wewe mahali na kunyamaza mpaka useme mwenyewe. Hakusema pole. Alitoa kofia mfukoni, akaivaa. Tulisimama pale, kisha nikaona midomo yake inatikisika, nikaelewa anasoma dua yao, kwa sauti ya chini, kwa mtoto wangu. Nilitaka kumkataza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyemwombea mtoto yule isipokuwa mimi, na mimi kuna miaka nimesahau.

Nikamwacha amalize.

Usimweleze Klaudia. Nimemwambia mumewe naye asimweleze. Akija kuniuliza mwenyewe habari ya mgomba ule, nitamwambia, naye nitamsimamisha pale pale.

Mvua ilianza, wakaondoka haraka wasikose gari. Hakuuona upande wa bondeni, kule kwenye chemchemi na ile miti ya mzee. Mwambie aje mvua zikipungua. Usije ukadhani nimemkubali, bado simtaki na kazi yake bado ni upuuzi. Ila sipendi mtu akae huko mjini akisema ameiona Buganguzi, na ameona nusu.

Mdogo wako,
Avit